Kona ya Kibla

Sikumwamini tangu alipoweka baiskeli yake. Watu wote huegemeza baiskeli kwenye mti, wakabisha hodi. Yeye aliilaza chini taratibu pembeni mwa kiwanja chetu, akavua saa ya mkononi, akaitia mfukoni, ndipo akasema hodi. Nikajiuliza, saa anavua ya nini? Hataki tujue amekaa muda gani? Ndivyo nilivyo mimi. Mama alikuwa akisema nilipozaliwa tu nilimtazama mkunga kwa jicho la pembeni.

Huyo bwana alikuwa mkaguzi wa majengo, mwajiriwa wa ofisi ya mji, na sisi tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, redio zinahubiri kujitegemea kutwa kucha, na Tabora ilikuwa inagawa viwanja vipya upande wa barabara ya Kwihara, kule ambako zamani misafara ilipiga kambi kabla ya kuendelea Ujiji. Mimi nilikuwa mshonaji, na cherehani yangu ndiyo iliyotulisha. Kiwanja kilitoka kwa jina langu, lakini nyumba ilikuwa ya mama.

Baba alimwacha mama akiwa na mvi tayari, akaoa mwingine, na tangu siku hiyo mama akawa mtu wa vyumba vya kupanga. Nilikuwa nimemhamisha mara saba. Mara mwenye nyumba anaoza binti, anataka chumba. Mara mke wa mwenye nyumba hapendi harufu ya ubani. Mara hakuna sababu yoyote, toka tu. Mara ya saba mama alikaa juu ya kitanda chake, kitanda kiko juu ya mkokoteni, mkokoteni uko katikati ya njia, akaniambia, "Mwanangu, sina ninachotaka tena duniani. Nitafutie nyumba nifie humo, asiwepo mtu wa kuniambia toka." Nililia pale pale njiani, mbele za watu. Kwa hiyo mtu yeyote aliyesogelea kile kiwanja nilikuwa tayari kumuuma.

Enzi za Mwingereza mambo ya kibali kwa watu wa mitaa yetu yalikuwa mepesi. Ukishaezeka, bwana afya anakuja mara moja, anahesabu madirisha, anachungulia choo, anakwenda zake. Sasa ofisi ya mji ikaleta kanuni mpya. Ukaguzi mara tatu: msingi, linta, bati. Kila mara mkaguzi apige muhuri kwenye kadi, la sivyo husogei mbele. Na mtaro wa msingi ukae wazi, lisiwekwe hata jiwe moja, mpaka yeye auone kwa macho yake. Juu ya hayo, nyumba isipoezekwa kabla ya mvua za mwaka wa pili, kiwanja kinarudi kwa mji. Wewe ukiyasikia yote hayo kwa pamoja, huoni kuna mtu amekaa mahali anatega? Mimi niliona.

Na mtaro kukaa wazi, kwa watu wa kwetu, si jambo dogo. Nyumba yetu haianzi na jiwe, inaanza na kisomo. Shehe anasoma, ubani unafukizwa, watu wanakula, kisha zindiko linafukiwa kwenye kona inayoelekea kibla, na juu yake ndipo jiwe la kwanza linalazwa. Zindiko ni kinga ya nyumba, na kila mzee ana lake. La mama lilikuwa kifurushi cha kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe kwa mkono, wala sikuambiwa ndani kuna nini. Sasa, kona ikishasomewa hailali wazi. Jua lisizame kabla haijafungwa, maana mwenye husuda akipita akatupia chake mle, mmekwisha. Tulikuwa na wenye husuda? Nani hana!

Fundi wetu alikuwa Mnyamwezi wa makamo, Mmoraviani, mtu mpole wa maneno machache, aliyekuwa amejenga nyumba nyingi mtaani pale. Alichimba mtaro siku mbili. Mama akaalika watu wa kisomo kwa siku ya Alhamisi. Mkaguzi akaja Jumatano.

Alizunguka mtaro wote, akapima upana na kina kwa futi yake ya mbao, anaitikia kwa kichwa. Alipofika kona ya kibla akasimama. Pale palikuwa na mibarika iliyostawi kupita kiasi, fundi alikuwa ameikata juzi yake. Mkaguzi akarudi kwenye baiskeli, akafungua chuma chembamba kirefu, akaja kukikita chini ya mtaro. Kikaingia. Akasukuma tena, kikazidi kuingia, mpaka ngumi yake ikagusa udongo. Akakichomoa, akaitazama ncha, akanusa. Wallahi alinusa! Halafu akaandika kwenye daftari lake muda mrefu, amelikinga kwa mkono kama mtoto anayeogopa kuibiwa jibu darasani.

"Kuna nini, bwana mkaguzi?" nikamuuliza.

"Bado sina hakika, dada. Kona hii msiiguse. Nitarudi Jumamosi."

"Hakika ya nini?"

"Nitarudi Jumamosi," akasema tena.

Mimi nimekaa sokoni, mtu anayezunguka namjua. Nikasema huyu anataka chai. Haya, nikaingia kwenye kibanda changu cha cherehani, nikatoka na chupa ya asali, asali ya msitu, nyeusi, ile ambayo jamaa wa Dar es Salaam walikuwa wanatuandikia barua kuiomba. Nikamwambia, "Wapelekee watoto." Akaitazama chupa, akanitazama mimi. "Ahsante sana dada, lakini siwezi kupokea." Nikamwambia ni zawadi tu, haina neno. "Nashukuru. Siwezi." Akainua baiskeli yake, akaenda.

Ala! Mtu wa Tabora anakataa asali! Nilibaki nimesimama na chupa mkononi. Anayepokea, angalau unajua anataka nini. Asiyepokea anataka kikubwa zaidi, na sisi kikubwa tulichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu, kiwanja. Jioni hiyo jirani wa nyuma, muuza vitumbua, akanimaliza kabisa: amesikia mkaguzi ana shemeji anayetafuta kiwanja upande huo huo. Amesikia wapi? Amesikia tu. Kwangu ilitosha.

Alhamisi asubuhi, wanawake wanachambua mchele, fundi akaniita pembeni.

"Dada," akasema, "yule bwana ana neno. Mimi mwenyewe nilipopiga jembe pale niliona pako laini mno. Hebu tungoje hiyo Jumamosi."

Nikamtazama juu mpaka chini. "Amekupa nini?"

"Nani?"

"Usinizungushe. Mkaguzi amekupa nini?"

Mtu aliyenijengea kibanda cha cherehani kwa bei ya huruma, nikamtupia neno hilo usoni. "Hajanipa kitu, dada," akasema, akaenda kuchanganya udongo wake. Wiki nzima iliyofuata hakunisemesha ila salamu.

Kisomo kikasomwa. Mama alishuka mtaroni mwenyewe, tumeshikwa na woga asianguke, akaweka kifurushi chake kwenye ile kona kwa mikono miwili. Fundi akalaza jiwe la kwanza, la pili, la tatu, na kufika alasiri kona ilikuwa imefungwa. Mama akakaa juu ya mawe yale akanywa kahawa. Uso wake siku ile sijauona tena kwa mtu mwingine. Alikuwa anacheka peke yake.

Jumamosi mkaguzi akafika kama alivyoahidi. Alipoona mawe hakufoka. Hilo nalo nililishuku. Mtu unamvunjia amri yake, hafoki, si ana lake moyoni? Akasema kwa sauti ya chini kwamba amekwenda Kwihara kuulizia. Watu wa kule wamemwambia upande huu palichimbwa udongo wa kujengea tembe za zamani, na mashimo yake yakajazwa majivu na takataka za kambi. Ndiyo maana chuma kilizama, ndiyo maana mibarika ilistawi. Ama tufukue kona ile na kuchimba mpaka udongo mgumu, ama tusogeze nyumba yote hatua kumi nyuma.

"Tusogee ili mbele abaki nani?" nikamuuliza.

Hakunielewa. Au alijifanya haelewi, ndivyo nilivyosema siku ile. Mama kwa upande wake alikuwa ameshika kichwa. "Baba, hapa pamesomewa. Nikifukua kinga yangu kwa mkono wangu, si nimeyakaribisha mabaya mwenyewe? Niombe kingine." Mkaguzi akamwambia, "Mama, naelewa. Lakini nikipiga muhuri hapa nitakuwa nimekudanganya." Akatoa kopo la rangi, akachora alama nyekundu kwenye jiwe, maana yake ujenzi umesimama. Mama aliitazama ile rangi kama vile amechorwa yeye.

Basi nikawaka. Siku za kufikia mvua za mwaka wa pili zilikuwa zinahesabika, na mimi nilishaona mpango wote: atucheleweshe, muda upite, kiwanja kirudi, shemeji apewe. Siku hizo palikuwa na mkutano wa tawi la chama kila mwezi, na maneno ya kumlalamikia mtu wa ofisi yalikuwa hewani, kila redio inayo. Nikasimama kwenye mkutano ule na khanga yangu mpya. "Ndugu mwenyekiti," nikasema, "Mwingereza alituhesabia madirisha akaondoka. Huyu wetu anakuja mara tatu kutunusia udongo! Huu si urasimu? Huyu si kupe? Mama yangu mzee alale nje kwa sababu bwana mkubwa hajaridhika na harufu ya shimo?"

Weee! Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatimka. Akainuka mmoja aliyeambiwa avunje ukuta wa jiko. Akainuka mwingine aliyekaa miezi minne na mtaro wazi, mbuzi wa watu wakaangukia mle. Yale yao yalikuwa ya kweli, nasema hivyo mpaka leo; kanuni ile ilikuwa na taabu zake. Lakini mimi ndiye niliyetaja shemeji. Nilisema mbele ya umati kwamba mkaguzi anawindia ndugu zake viwanja, na sikuwa na ushahidi ila mdomo wa muuza vitumbua. Mkaguzi alikuwepo, amesimama nyuma kabisa. Alipopewa nafasi alisema, "Mimi sina shemeji Tabora. Mke wangu hana ndugu." Watu wakacheka, nikacheka nao.

Haukupita muda kanuni zikarekebishwa. Tulitangaziwa kwamba nyumba ndogo za kuishi za mwananchi wa kawaida hazitahitaji tena mkaguzi wa msingi. Balozi wa nyumba kumi na majirani wawili watatazama, wataridhika, watasaini. Mkaguzi wetu akahamishiwa Kaliua kupima viwanja vya vijiji vipya. Wanawake wa mtaa walinipongeza, wakaniita mheshimiwa, na mimi nikavimba kichwa, kwa nini nisivimbe?

Balozi alikuja kukagua siku ya pili yake. Alikuwa mtu mwema, mpenda maongezi. Alikaa kwenye benchi letu, akala maandazi matano, akauliza, "Msingi mzuri?" Nikamjibu mzuri. Akasaini, majirani wawili wakasaini, mmoja wao muuza vitumbua. Hakuna hata mmoja wao aliyesogea mpaka kwenye ile kona. Kitambaa changu kwenye meza ya soko kilikuwa kinakaguliwa kuliko nyumba ya mama yangu, na mimi nilijiona mshindi.

Nyumba ilikwisha, bati likapanda kabla ya mvua. Mama akachagua chumba cha kona ya kibla. Alining'iniza tasbihi yake kwenye msumari, akapanga masanduku, akakaa kitandani akapiga godoro kwa kiganja mara mbili tatu. "Sasa aje mtu aniambie toka," akasema. Akaishi mle mvua moja nzima na kiangazi kimoja. Namshukuru Mungu kwa hizo siku, maana zilikuwepo.

Mvua za pili zikaleta ufa. Ulianza kwenye kona, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nilimshuku nani? Nilimshuku muuza vitumbua. Nikasema ametutupia kitu. Nikaacha kununua vitumbua vyake, nikaacha kumsalimia, na ufa ukazidi kupanda. Nikamwita fundi auzibe. Alichungulia, akapitisha vidole, akaweka timazi yake, ile kamba yenye risasi, ukutani. Risasi ikaning'inia mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Hakusema "nilikwambia". Alisema tu, "Dada, mtoe mama humu leo." Nilitamani anitukane.

Nilimtoa kwa kumvuta. Alikuwa hataki; aliniambia mimi nami nimekuwa kama wale wenye nyumba. Siku ya tatu, mchana, mvua inanyesha, kona ikazama na ukuta wa upande ukaufuata, polepole, bila kelele nyingi. Hakuumia mtu. Tulipochimba tukakuta majivu. Majivu, vigae, mifupa ya punda, shanga chache za bluu, na majivu tena, fundi anachimba mpaka tukawa tunaona kofia yake tu. Kifurushi cheupe cha mama kilikuwa mle kati, kimelowa. Mama alikipokea, akakifunga kwenye ncha ya khanga yake, na hakuniuliza kitu chochote. Loo, kama angeniuliza!

Nguvu ya kujenga tena sikuwa nayo. Nikampangia chumba, cha nane. Alifia humo mwaka uliofuata, baada ya homa ya siku chache. Maiti ikiwa bado ndani, mwenye nyumba alikuja kunipa pole, akanishika mkono, akaniomba kwa adabu kabisa tusiweke matanga kwenye uwanja wake, maana ana mpangaji mpya anayeingia keshokutwa. Tukamtoa mama, tukaenda kukaa matanga kwa muuza vitumbua. Ndiye aliyetufungulia mlango.

Miaka ikapita. Nilikuwa napeleka magauni ya watoto Kaliua, kwenye makutano ya reli, kila mwisho wa mavuno. Siku moja nimeshapanda treni ya kurudi, nimekaa dirishani na furushi langu, nikamwona chini pale stesheni. Mvi zimemjaa, lakini ni yeye. Na yeye akaniona. Akaja mpaka chini ya dirisha.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, dada. Samahani kukuuliza hapa njiani." Akasita. "Ile kona ilikaa?"

Hata hapo, Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa: anauliza kwa nini huyu? Ameshasikia, anataka kunisikia nikisema mwenyewe? Nikamtazama usoni kutafuta kicheko. Hakikuwepo. Nikaona aibu inanipanda mpaka masikioni.

"Imekaa," nikasema. "Haina hata ufa."

Alishusha pumzi, mabega yakashuka. "Alhamdulillahi. Unajua, kila mvua ikinyesha huku nilikuwa naiwaza ile kona? Basi nilikosea. Nilimsumbua mama wa watu bure." Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo. "Ile ilinifunza, dada. Siku hizi kwenye vijiji hivi nikikuta mahali chuma kinazama, najiambia, wewe nawe na wasiwasi wako, unakumbuka Tabora? Nafunga daftari, napiga muhuri, watu wanajenga. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Mwombe radhi kwa ajili yangu."

"Nitamwambia," nikasema.

Treni ilichelewa kuondoka dakika kumi hivi. Muda wote huo alisimama chini ya dirisha langu, tukaongea bei ya vitambaa, mvua, na vijiji vipya vilivyokuwa vinajengwa ng'ambo ya reli, ambavyo alinionyesha kwa kidole, nyumba moja moja. Sikumwambia.